Reli nzima, abiria hakuna: mvutano wa miaka ishirini kati ya New Orleans na Mobile

Kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini mwa Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Kampuni ya CSX, inayomiliki reli inayopita kando ya Ghuba ya Mexico, ilikuta madaraja yamebomolewa, tuta limesombwa na vyuma vimepinda. Ikatumia si chini ya dola milioni 250, na mwanzoni mwa 2006 treni za mizigo zilikuwa zimesharudi njiani. Treni ya abiria kati ya New Orleans, jimbo la Louisiana, na Mobile, jimbo la Alabama, ilirudi tarehe 18 Agosti 2025.

Miaka ishirini kasoro siku kumi na moja. Na muda wote huo reli ilikuwepo, nzima, ikipitisha shehena usiku na mchana katikati ya miji ambayo watu wake walikuwa wakiililia treni. Anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kilichokosekana ni fedha za ujenzi, au abiria. Vyote viwili vimo, lakini mzizi wa fitina uko kwingine: reli ile ina mwenyewe, na mwenyewe si serikali. Asiyelielewa hilo ataona ukaidi mtupu, wakati kila upande ulikuwa na sheria mkononi na hoja ya kusimamia.

Mapatano ya mwaka 1970

Zamani kampuni za reli za Marekani zilibeba mizigo na abiria kwa pamoja, na hazikuruhusiwa kufuta treni ya abiria bila kibali cha wadhibiti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walihamia kwenye magari na ndege, posta ikaondoa barua zake kwenye mabehewa, na treni za abiria zikabaki hasara tupu kwa wenye reli. Mwaka 1970 Kongresi, yaani Bunge la nchi hiyo, ilipitisha sheria ya kuunda shirika moja la kitaifa la abiria, Amtrak, lililoanza kazi tarehe 1 Mei 1971. Kampuni za reli zikatuliwa mzigo wa abiria. Kwa upande wao zikakubali kwamba Amtrak itapita kwenye reli zao kwa kulipa gharama za nyongeza zinazotokana na treni zake, bila kutozwa bei ya soko. Mwaka 1973 kikaongezwa kifungu kingine: treni ya abiria ipewe kipaumbele mbele ya treni ya mizigo.

Amtrak basi ni mpangaji wa aina yake. Mwenye nyumba hakumchagua, hawezi kumpandishia kodi apendavyo, na wakikutana ukumbini inampasa mwenye nyumba ampishe. Ukiondoa ukanda wa kaskazini-mashariki, kati ya Washington na Boston, ambako Amtrak inamiliki sehemu kubwa ya njia, karibu treni zake zote zinaendeshwa kwa upangaji huu.

Mwenye reli aliachiwa mlango mmoja. Amtrak ikitaka kuongeza treni naye akagoma, shauri linapelekwa Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, chombo cha serikali kuu huko Washington. Bodi itaamuru treni ipite, isipokuwa mwenye reli athibitishe kwamba usafirishaji wa mizigo utadhurika kupita kiasi kinachovumilika. Jukumu la kuthibitisha ni lake. Kiasi chenyewe ni kipi, sheria haikusema. Je, ni treni ya mizigo kuchelewa dakika ishirini? Saa mbili? Ni mteja mmoja kuhamia bandari nyingine? Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikaa kwenye maandishi bila kujaribiwa, kwa sababu pande mbili zilizoea kuelewana nje ya Bodi, na mara nyingi Amtrak ndiyo iliyolegeza.

Treni iliyokuwepo, na ile waliyoitaka watu

Kabla ya Katrina, treni iliyopita hapa iliitwa Sunset Limited. Ilikuwa ikisafiri kati ya Los Angeles na New Orleans, na mwaka 1993 ikarefushwa kupitia Mobile hadi Florida. Ilikuja siku tatu kwa wiki na kuchelewa ilikuwa kawaida yake, jambo lisiloshangaza kwa treni inayovuka bara zima kwenye reli za watu. Kwa msafiri wa kutoka Biloxi, mji wa pwani ya jimbo la Mississippi, kwenda New Orleans kuonana na daktari na kurudi siku hiyohiyo, haikuwa na msaada.

Mwaka huohuo wa 1993, mwezi Septemba, treni hiyo ilipata ajali iliyoua watu wengi kuliko nyingine yoyote katika historia ya Amtrak. Boti lililokuwa likisukuma matishali lilipotea kwenye ukungu usiku, kaskazini mwa Mobile, likaingia mkono wa maji ambao halikupaswa kuingia na kugonga daraja la Big Bayou Canot. Daraja lilisogea na reli zikapinda, ila hazikukatika, kwa hiyo taa za ishara zikabaki kijani. Dakika chache baadaye treni ikafika kwa kasi yake ya kawaida. Watu 47 walipoteza maisha. Daraja hilo liko nje ya kipande cha New Orleans hadi Mobile, lakini ajali ile inaonyesha hali ya pwani nzima: hapa reli na vyombo vya majini vinakutana kila baada ya kilomita chache, na hakuna ratiba inayoweza kupangwa bila kuyahesabu maji.

Baada ya Katrina Amtrak haikuifuta sehemu ya mashariki ya New Orleans. Iliandika tu kwamba huduma imesimamishwa, na neno hilo likakaa kwenye ratiba mwaka hadi mwaka. Mwaka 2006 maseneta wawili wa Mississippi, Trent Lott na Thad Cochran, walikuwa na wazo tofauti kabisa: serikali kuu itoe dola milioni 700 kuihamisha reli iliyotoka kukarabatiwa, ipelekwe ndani zaidi, na mahali pake ijengwe barabara. Wazo lilizua kelele nchi nzima na likafa. Nalitaja kwa sababu wengi husimulia habari hii kana kwamba pwani nzima ilikuwa nyuma ya reli tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2008 Kongresi iliiagiza Amtrak iandae mpango wa kurudisha huduma, na mpango ukatolewa 2009. Fedha hazikufuata. Lakini sheria hiyohiyo ya 2008 ilikuwa na kifungu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichogeuza mjadala wote. Kilisema njia ya Amtrak iliyo fupi kuliko maili 750, yaani kilomita 1,200 hivi, itachangiwa na majimbo inayopitia. Sasa tazama matokeo yake. Treni ndefu ya zamani, isiyowafaa sana wenyeji, ililipiwa na serikali kuu. Treni fupi ya asubuhi na jioni, ambayo wenyeji wangeitumia kweli, ingetoka kwenye mifuko ya Louisiana, Mississippi na Alabama. Tangu hapo uamuzi ukahamia pia Baton Rouge, Jackson na Montgomery, miji mikuu ya majimbo hayo, kwa magavana watatu wenye bajeti tatu na hesabu tatu za kisiasa.

Waliolibeba suala hili miaka yote ni Tume ya Reli ya Kusini, chombo cha majimbo hayo matatu kilichoundwa 1982. Februari 2016, pamoja na Amtrak, ilipeleka treni ya ukaguzi kutoka New Orleans hadi Jacksonville, Florida, na umati ukajitokeza kwenye stesheni ambazo hazikuwa zimeona behewa la abiria kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2019 serikali kuu ilitoa ruzuku ya dola milioni 33 za maboresho, kwa sharti majimbo nayo yachangie. Louisiana na Mississippi zikakubali. Gavana wa Alabama, Kay Ivey, akakataa, akitaja gharama kwa jimbo na hofu kwamba mizigo ya bandari ya Mobile ingedhurika.

Hapo ndipo ramani ilipokuwa mtihani. Mwisho wa safari, Mobile, uko Alabama. Majimbo mawili yangelipia treni inayoishia katika jimbo la tatu lisilolipa. Februari 2020 Baraza la Jiji la Mobile lilijitosa: madiwani walipiga kura ya kutenga hadi dola milioni 3, kwa masharti, kuziba pengo ambalo jimbo lao lililiacha. Kwa jiji la ukubwa ule hiyo si fedha ya kuchezea, na mjadala barazani ulikuwa mkali. Swali lililorudiwa na waliopinga lilikuwa la haki: kwa nini mlipakodi wa Mobile abebe kitu ambacho sheria inasema ni cha jimbo?

Madaraja

Kutoka New Orleans hadi Mobile ni kilomita 233 hivi. Kipande kifupi ndani ya New Orleans ni cha kampuni ya Norfolk Southern. Kinachobaki ni cha CSX. Njia inaondoka jijini, inakata mabwawa ya chumvi, inavuka milango ya maji ya Chef Menteur na Rigolets, inapita juu ya ghuba ya Bay St. Louis, inakatiza katikati ya Gulfport na Biloxi ambako kila mtaa una makutano ya reli na barabara, inavuka Ghuba ya Biloxi, kisha mto Pascagoula, ndipo inaelekea Mobile. Sehemu kubwa ni njia moja tu, yenye vipande vya kupishania hapa na pale.

Fikiria daraja moja la kuzunguka kwenye njia hiyo. Nahodha wa boti linalosukuma matishali anaita kwa redio. Mlinzi wa daraja anawasiliana na mwongozaji wa treni aliyeketi mbele ya viooneshi huko Jacksonville, mamia ya kilomita mbali, kuuliza kama kuna treni karibu. Njia ikiwa tupu, ishara za reli zinawekwa nyekundu pande zote mbili, makomeo yanayoshikilia reli yanafunguliwa, na kipande cha katikati cha daraja kinageuka polepole juu ya nguzo yake mpaka kilale sambamba na mkondo wa maji. Boti linapita kwa mwendo wake, kwa sababu msafara wa matishali hausimami ghafla. Kisha kipande kinarudi, makomeo yanafungwa, mitambo inathibitisha kwamba reli zimeshikana sawasawa, na ndipo ishara inaweza kuwa kijani tena. Kwa kanuni zinazosimamiwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, chombo kinachoomba kupita kinapaswa kufunguliwa bila kucheleweshwa ovyo. Treni, iwe ya abiria au ya mizigo, ndiyo inayongoja.

Zidisha hilo kwa madaraja kadhaa ya namna hiyo, kisha weka treni za mizigo za siku hizi. Kampuni kubwa za reli zimekuwa zikiunganisha mabehewa mengi zaidi nyuma ya vichwa vichache ili kupunguza gharama, na treni ya kilomita mbili au tatu si ajabu tena. Treni kama hiyo mara nyingi haitoshi kwenye kipande cha kupishania kilichojengwa zamani. Sheria inasema treni ya mizigo ikae pembeni, ya abiria ipite; lakini isiyoingia pembeni haiwezi kukaa pembeni, kwa hiyo ya abiria ndiyo inayoingizwa pembeni kungoja. Kipaumbele cha kwenye karatasi kinageuzwa na urefu wa chuma. Hili ni lalamiko la abiria wa Amtrak nchi nzima, na nadhani ni la haki kabisa: urefu wa treni ni uamuzi wa kibiashara wa mwenye reli, na si sawa gharama yake ikamwangukia abiria.

Kwa hoja hizi za madaraja na kupishana, CSX na Norfolk Southern zilidai kwamba treni nne za abiria kwa siku, mbili kwenda na mbili kurudi, haziwezi kuingia bila ujenzi wa zaidi ya dola milioni 400: njia za ziada, vipande virefu vya kupishania, maboresho ya yadi. Utafiti wa pamoja ulikuwa umeanza, kisha Amtrak ikajitoa ikisema umechukua muda mrefu mno bila kufika popote. Wenye reli wakasema Amtrak imekimbia majibu isiyoyapenda.

Hapa inabidi kueleza namna namba hizi zinavyopatikana, maana ndizo zilizotawala magazeti. Wataalamu huingiza kwenye programu ya kompyuta ramani ya njia, ratiba za treni, nyakati za madaraja kufunguka na makadirio ya mizigo itakavyoongezeka, kisha programu inaendesha siku nyingi za kubuni na kuhesabu ucheleweshaji. Ukiiambia programu kwamba mizigo itakua sana, kwamba madaraja yatafunguka muda mrefu, na kwamba treni ya abiria isichelewe kabisa, itakuambia ujenge sana. Ukilegeza makadirio hayo, itakuambia unaweza kuanza kesho. Pande mbili ziliipa programu vyakula tofauti, na mabishano ya kweli yalipaswa kuwa juu ya makadirio yenyewe. Kwangu mimi dola milioni 400 na zaidi kama kiingilio cha treni nne fupi lilikuwa dai lisilo na uwiano. Lilitaka mlipakodi alipie ukuaji wa biashara ya mizigo kwa kisingizio cha abiria. Hata hivyo Amtrak nayo ilijidhoofisha kwa kuondoka mezani kabla kazi haijaisha.

Bandari ya Mobile

Waliokuwa wakidharau hoja ya bandari hawakuwatendea haki watu wa Mobile. Bandari ile ni mali ya jimbo la Alabama na ni mojawapo ya nguzo za uchumi wake: makaa ya mawe, chuma, mazao ya misitu na, kwa kasi inayoongezeka, makontena. Inashindana na New Orleans upande mmoja na Savannah upande mwingine, na mwenye kontena hajali uzuri wa jiji. Anachotaka ni kujua mzigo wake utatoka lini. Njia kuu ya CSX inapita katikati ya mji na ukingo wa mto, bega kwa bega na yadi za bandari.

Sasa treni ya abiria inayoishia Mobile haipiti tu. Inafika, inashusha, inasafishwa, inakaguliwa, inangoja saa kadhaa, kisha inarudi. Inangojea wapi? Stesheni ya zamani iliharibiwa na Katrina na baadaye ikabomolewa. Eneo la katikati ya mji ni jembamba, barabara huku na mto kule. Treni ikisimama kwenye njia kuu, inaziba koo la bandari. Kwa hiyo kitu kilichoonekana kidogo, kipande cha reli ya pembeni cha kuegesha treni moja, kikawa moyo wa mazungumzo yote ya Mobile: kijengwe wapi, kwa fedha ya nani, na nani atawajibika kikichelewesha mizigo. Kilijengwa hatimaye, kabla ya huduma kuanza, pamoja na jukwaa la abiria karibu na mto. Kama kuna funzo la kiufundi kwa mji wowote unaotaka treni irudi, ni kuanza na swali hili la maegesho ya mwisho wa njia. Vituo vya katikati ni rahisi. Mwisho wa safari ndio unaokula nafasi.

Shauri

Machi 2021 Amtrak ilichoka kungoja ikapeleka ombi Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, ikitaka iamriwe njia ifunguliwe. Februari 2022 Bodi, chini ya mwenyekiti wake Martin Oberman, ilisikiliza maoni ya umma: viongozi wa miji ya pwani ya Mississippi waliotaka treni, wafanyabiashara wa mizigo wenye hofu, wabunge wa pande zote. Aprili likaanza shauri lenyewe, siku nyingi za mashahidi wa kitaalamu wakihojiwa na mawakili kuhusu dakika za madaraja na urefu wa vipande vya kupishania. Kwa kawaida Bodi hii huamua mambo kwa nyaraka. Kuona wahandisi wa ratiba wakibanwa hadharani namna ile halikuwa jambo la kila siku, na kwa wanaofuatilia reli lilikuwa darasa zuri kuliko ripoti zote zilizotangulia. Kwa mara ya kwanza makadirio yaliyofichwa ndani ya programu yalisomwa kwa sauti na kuulizwa yametoka wapi.

Kisha pande zote zikaingia kwenye usuluhishi, na Novemba 2022 zikatangaza makubaliano: Amtrak, CSX, Norfolk Southern na bandari. Masharti yake yalibaki siri yao. Mwaka 2023 serikali kuu ikatoa ruzuku ya dola milioni 178 kwa maboresho ya njia, fedha iliyowezekana kwa sababu sheria kubwa ya miundombinu ya Novemba 2021 ilikuwa imetenga dola bilioni 66 kwa reli. Ukilinganisha namba hiyo na dai la awali utaona kila upande ulirudi nyuma hatua kadhaa. Agosti 2024 Baraza la Jiji la Mobile lilipitisha mkataba wa mwisho wa kuchangia uendeshaji, na mwaka mmoja baadaye treni ikaondoka. Ilipewa jina la Mardi Gras, sherehe ya kanivali ya kila mwaka ambayo Mobile na New Orleans zote zinadai kuwa mama yake.

Ina maana kuipanda?

Wapinzani walikuwa na hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa. Treni inachukua chini kidogo ya saa nne. Kwa gari, kupitia barabara kuu ya I-10, ni saa mbili na ushee. Kilomita 233 kwa saa tatu na dakika arobaini na kitu ni wastani wa kilomita 63 kwa saa, japo sehemu nyingine inakimbia maradufu ya hapo. Madaraja, makutano ya barabara na muda wa akiba uliowekwa kwenye ratiba vinaimeza kasi.

Wengine walikumbusha historia. Treni kati ya miji hii miwili ilijaribiwa mwaka 1984, wakati wa maonyesho ya dunia ya New Orleans, ikafa mwanzoni mwa 1985. Ikajaribiwa tena Juni 1996, ikafa Machi 1997. Wakasema: mara mbili zatosha. Lakini ukiangalia vizuri, mara zote mbili treni ilikoma pale michango ya majimbo ilipokauka, kabla watu hawajapata muda wa kuizoea. Huduma ya miezi tisa haijengi desturi. Mtu habadilishi namna anavyosafiri, wala mwenye hoteli habadilishi matangazo yake, kwa kitu ambacho huenda mwakani hakipo.

Na kulinganisha na gari kutoka mwisho hadi mwisho kunapotosha kidogo. Kati ya miji miwili mikubwa kuna vituo vinne vya Mississippi: Bay St. Louis, Gulfport, Biloxi na Pascagoula. Bay St. Louis hadi New Orleans ni safari fupi, na huko ndiko mwenye gari anakotaabika kutafuta maegesho siku za sherehe. Nauli ilianza na dola 15. Yupo mzee asiyeendesha tena usiku, yupo mwanafunzi asiye na gari, wapo vijana wanaokwenda kwenye sherehe na hawapaswi kushika usukani wakirudi. Katika ukanda ambao usafiri wa umma kati ya miji ni haba, hawa hawakuwa na saa mbili za I-10 za kulinganisha na chochote. Walikuwa wakibaki nyumbani au wakiomba lifti.

Kuhusu ruzuku, nasema wazi ninapoegemea. Hakuna anayeidai I-10 faida. Ilijengwa kwa fedha ya umma, inatengenezwa kwa fedha ya umma, na ikisombwa na kimbunga itajengwa tena kwa fedha ya umma bila mtu kuuliza kila gari lililopita liliingiza senti ngapi. Treni inastahili kuulizwa swali la gharama, ila liwe swali lilelile linaloulizwa barabara: inawafikisha watu wangapi mahali ambapo wasingefika?

Yaliyobaki wazi

Ruzuku ya serikali kuu ya kuanzisha huduma hupungua mwaka hadi mwaka kwa makusudi, ili majimbo yazoee kubeba. Ahadi ya Mobile nayo ni ya miaka michache. Louisiana na Mississippi zitalazimika kuongeza, na Alabama, ambayo treni inalala kwake, italazimika kuamua kama itaendelea kuliachia jiji lake mzigo. Mvutano wa madiwani wa 2020 utarudi, safari hii ukiwa na hesabu za abiria halisi mezani.

Mashariki ya Mobile hakujabadilika kitu. Pensacola, Tallahassee na miji mingine ya kaskazini mwa Florida iliyopoteza treni siku ileile bado haina. Huko mambo yamezidi kuwa magumu, kwa kuwa mwaka 2019 CSX iliuza sehemu kubwa ya njia hiyo kwa kampuni ndogo ya mizigo, hivyo kuna mwenye nyumba mpya wa kuzungumza naye.

Na kwa kuwa shauri liliishia kwenye makubaliano ya siri, Bodi haikutoa hukumu. Kiasi kile kinachovumilika, kilichobishaniwa kwa siku nyingi za ushahidi, hakikupewa namba wala mfano. Pwani ilipata treni yake mapema kuliko ingeipata kwa kusubiri hukumu na rufaa, na siwezi kuwalaumu waliokubali. Lakini jiji lingine la Marekani litakalodai treni kwenye reli ya mizigo litaanza upya kwa utafiti mpya, programu mpya na namba mpya za mamilioni, bila uamuzi hata mmoja wa kuuegemea.